Mjomba wa Kiti cha Mbele

Katika mji wetu wa Cherpulassery hakuna aliyewahi kumwambia Sethumadhavan kwamba ana upara. Si kwamba haukuonekana. Nywele zilizombakia juu ya sikio la kushoto alizifuga zikawa ndefu, na kila asubuhi alizipaka mafuta ya nazi, akazivusha utosini mpaka sikio la kulia, zikalala hapo. Upepo ukivuma alisimama kando ya ukuta mpaka upite. Kinyozi wake, mtu mwenye maneno kwa kila mteja, kwake alikuwa bubu. Sethumadhavan alikuwa mkuu wa ofisi ya umeme, na mtu mwenye akili hamchokozi aliyeshika swichi.

Dada yake, Girija, alikuwa na mtoto mmoja, Devadath, aliyekuwa darasa la tisa. Mtoto huyu hakuwa na kasoro ila hasemi. Ukimsalimia aliitikia kwa kichwa. Ukimuuliza mama yuko wapi, alikuonyesha kwa kidevu. Girija alimpeleka kwa daktari, na daktari akasema mtoto ni mzima, ila huenda nyumbani kuna mtu anayemaliza maneno yote. Girija aliudhika sana, akalieleza jambo hilo kwa majirani wiki nzima bila kupumzika.

Sasa, kwetu mashindano ya sanaa ya wanafunzi yakikaribia hakuna mtoto anayeachwa. Wenye miguu mizuri na wazazi wenye mifuko huingia kwenye ngoma za hekaluni, zile za njuga na vitambaa vya dhahabu. Wenye sauti na makofi huingia oppana, ngoma ya wasichana wanaomzunguka bibi harusi aliyekaa kitini akiona haya. Na kuna kuthu, ambayo haina watu wengi. Katika kuthu mtu mmoja husimama jukwaani amevaa kilemba, uso umepakwa unga wa mchele, manjano na masizi, sikio moja lina hereni na jingine lina jani la tambuu, na nyuma yake inapigwa ngoma ya shaba yenye umbo la mtungi. Husimulia kisa cha Rama na Sita, na katikati ya kisa huwageukia watazamaji akamtania amtakaye. Desturi ni kwamba anayetaniwa hajibu wala hanyanyuki. Akinyanyuka, msimulizi huvua kilemba, na mchezo umekwisha.

Mwalimu Narayanan, aliyekuwa akifundisha kuthu shuleni, alimchagua Devadath.

"Mwalimu, huyu hasemi," Girija akamwambia.

"Ndiye nimtakaye. Maneno yake hayajachakaa."

Siku ya kwanza alipovishwa kilemba, mtoto alifumbua kinywa ikatoka sauti ya mtu mzima mwenye kesi ya shamba. Alisema, akaguna, akakebehi, akazungusha macho. Kilemba kikavuliwa, akaulizwa kama anataka maji, akaitikia kwa kichwa.

Tatizo lilikuwa moja. Zamani msimulizi alimtazama mtu kwanza, ndipo akamtania. Mashindanoni mzaha huandikwa na mwalimu miezi kabla, mtoto akaukariri, na mtu wa kutaniwa akatafutwa baadaye. Mwalimu Narayanan alikuwa ameandika pale ambapo Hanuman, nyani shujaa, anaingia Lanka usiku kumtafuta Sita aliyetekwa. Hanuman anashangaa mbona mji una mwanga na taa zote zimezimwa, halafu anamwona mtu mwenye upara kwenye kiti cha mbele. Shuleni mambo yalikwenda vizuri, kwa sababu mwalimu mkuu alikuwa na upara wa kutosha na alipenda kucheka. Lakini kwenye mashindano ya tarafa mwalimu mkuu alikwenda harusini. Kiti cha mbele kilijaa vijana wenye nywele kama vichaka, na mtawa mmoja wa kike aliyefunika kichwa. Devadath hakuwa na maneno mengine. Alimnyooshea kidole mtawa, akasema mwezi umeshuka. Mtawa akatazama dari. Waamuzi wakakohoa. Alipita kwa sababu tu mpinzani wake, aliyekuwa akisimulia Hanuman anavyoruka bahari, alisahau kinachofuata, akabaki juu ya bahari mpaka taa nyekundu ya kumaliza muda ikawaka.

"Wilayani tusiende bila upara," akasema Mwalimu Narayanan.

Girija alifikiri. "Ninao mmoja, Mwalimu. Ila mwenyewe hajui."

Jioni hiyo alikwenda kwa kaka yake na bakuli la ndizi za kukaanga.

"Kaka, Devadath anakwenda wilayani Jumamosi. Mwalimu anasema lazima mtu wa heshima wa familia akae kiti cha mbele."

"Kwa nini?"

"Mtoto apate nguvu."

"Si umpigie simu baba yake aje?"

"Baba yake yuko Doha. Na hata angekuwepo, hana kinachotakiwa."

"Kinatakiwa nini?"

Girija alitafuna ndizi yake, akaimeza. "Haiba, Kaka."

Sethumadhavan akajitazama kwenye kioo cha kabati, kwa ubavu. "Hilo kweli," akasema. "Shemeji hana."

"Na upake mafuta vizuri siku hiyo."

Jumamosi Sethumadhavan alikuja na shati lililopigwa pasi likasimama lenyewe, na shuka jeupe lenye ukingo wa dhahabu, na kichwa kilichong'aa. Ukumbi ulikuwa umejaa. Watu hawakuja kwa ajili ya kuthu. Kwenye jukwaa lile lile oppana ndiyo ilifuata, na watu huwahi viti. Devadath alisimulia Hanuman akiingia Lanka kwa kunyata, akakinga macho kwa kiganja.

"Nimekuwa nikijiuliza," akasema, "mji umelala, taa zimezimwa, huu mwanga wa nini? Kumbe! Mwezi umechoka kukaa juu. Umeshuka, umetafuta kiti cha mbele, umekunja nne."

Akanyoosha kidole.

Sethumadhavan aligeuka nyuma kuona ni nani. Nyuma yake alikaa mwanamke aliyesuka jasmini nyweleni. Akamtazama kwa huruma. Akageuka upande wa pili: msichana wa shule. Kila alipogeuka taa za jukwaani zilimpiga utosini, na mwanga ukatembea ukutani. Ukumbi ulikwisha kwa kicheko. Mpiga ngoma alipoteza mapigo. Mama mmoja aliyekuja na wasichana wa oppana alilazimika kutolewa nje apate hewa. Mwamuzi wa katikati aliuficha uso kwa karatasi zake, na karatasi zikatetemeka.

Devadath akawa wa kwanza wa wilaya.

"Ni nani yule aliyesemwa?" Sethumadhavan akauliza nje, akinywa chai. "Maskini, mbele za watu vile."

"Sikumwona, Kaka," Girija akajibu, akageuza uso.

Jumatatu alikuwa ofisini simu ikalia.

"Ofisi ya umeme."

"Bwana mkubwa, huku sokoni giza tupu."

"Mafundi wako njiani."

"Waache mafundi wapumzike, bwana. Tuletee mwezi."

Simu ikakatwa. Ikalia nyingine, mtu akauliza kama leo ni mwandamo au mpevu. Ya tatu alikuwa mtoto mdogo aliyeshindwa kusema kwa kicheko. Sethumadhavan akamwita karani wake, akamwamuru amwonyeshe kile ambacho kila mtu ofisini alikuwa akikitazama kwenye simu tangu asubuhi. Karani alifungua mlango kwanza, akasimama karibu nao, ndipo akamwonyesha video ya wilayani.

Alikwenda kwa dada yake kwa miguu, na siku ile kulikuwa na upepo. Hakusimama kando ya ukuta wowote. Alipofika, nywele zake zilikuwa zimesimama upande mmoja kama bendera ya ofisi.

"Umenipeleka wilayani kama karabai!"

"Kaka, kaa kwanza. Mtoto ameshinda."

"Mtoto ameshinda nini? Mimi ndiye niliyeshinda! Yeye alinyoosha kidole tu!"

"Basi tumeshinda sote."

"Girija. Mimi nina upara?"

Girija alikuwa mwanamke wa kusema, lakini hapo alitazama nje, kwenye mti wa fenesi, kama anayehesabu matunda. Ukimya ule ndio uliomjibu. Sethumadhavan akaondoka bila kunywa hata maji, na mtaa mzima ukasikia akisema kwamba jimboni, ambako fainali zingefanyika, waende na mwezi wa dukani.

Mwalimu Narayanan akaanza kutafuta. Mchinjaji wa sokoni alikuwa na upara mzuri lakini hakuweza kufunga bucha. Mhasibu wa benki alikubali, mkewe akakataa. Mwalimu alimfuata hata mtu mmoja kituo cha mabasi, akamsifia kichwa kwa ufasaha, nusura apigwe.

Siku chache kabla ya safari Devadath alikwenda kwa mjomba wake bila kumwambia mtu. Alimkuta barazani anasoma gazeti. Alisimama kwenye ngazi.

"Umetumwa?"

Akatikisa kichwa.

"Unataka nini, basi?"

Sethumadhavan akafungua ukurasa wa pili, akausoma wote.

"Mjomba usipokuja si neno," Devadath akasema. "Nitamnyooshea yeyote."

Mjomba akashusha gazeti. Hakuwahi kumsikia mtoto huyu akisema maneno mengi hivyo bila kilemba.

"Lakini nikiwa kule juu," Devadath akaendelea, akitazama vidole vyake vya miguu, "huwa natafuta mtu ninayemjua. Nisipomwona sauti inakwisha."

Sethumadhavan akalikunja gazeti mara kadhaa, mpaka likawa dogo. "Nenda nyumbani, mama yako atakutafuta. Mwambie nitakuja. Ila nitakuja na treni yangu mwenyewe."

Girija alipopata habari alikaanga tena ndizi, akazigawa mtaani.

Fainali zilikuwa Kannur, na majirani kadhaa tulikwenda. Mji ulijaa watoto waliopakwa rangi. Wasichana wenye njuga walikuwa wakila chapati kwa kupanua midomo wasiharibu rangi. Mama walitembea na pini midomoni wakisema kupitia pini hizo. Bibi harusi wa oppana, amevikwa dhahabu ya kuazima, alikuwa amelala chali kwenye benchi huku wenzake wakibishana nani aliingia kabla ya kofi. Mwalimu Narayanan alimpaka Devadath unga, akamtundikia jani la tambuu, akamwambia, "Kiti cha mbele, katikati. Mjomba wako atakuwa pale. Ukifika kwenye mwezi, usiharakishe."

Ukumbini Girija alikuwa ameweka mkoba kwenye kiti cha kando yake. Akaja bwana mmoja mwenye nywele nyeusi, nzito, zimechanwa upande kama mwanafunzi wa chuo, akataka kukaa.

"Samahani, kaka, hapa pana mtu."

"Huyo mtu ndiye mimi, Girija. Toa mkoba."

Girija akatoa mkoba. Alimtazama, akatazama juu yake, akatazama jukwaa. Mara ya pili katika maisha yake alikosa la kusema. Alitaka kukimbia nyuma ya jukwaa kuonya, lakini ngoma ya shaba ilikuwa imekwisha anza na pazia linafunguliwa.

Devadath alianza vizuri kuliko siku zote. Aliruka bahari bila kusahau katikati. Alitua Lanka, akajifanya mdogo kama paka, akapita chini ya malango. Akafika kwenye mwanga. Akakinga macho kwa kiganja, akageukia kiti cha mbele.

Aliona shati analolijua, na kidevu anachokijua, na masikio ya mjomba wake. Juu yake hapakuwa na mwezi.

Mpiga ngoma alimpa nafasi. Akampa tena. Nyuma ya pazia Mwalimu Narayanan alishika kichwa. Mwamuzi mmoja akachukua kalamu. Devadath alisimama mkono ukiwa usoni, na kwa kuwa hakuwa na neno hata moja lililoandikwa, alifanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya jukwaani: alimtazama mtu.

"Nilitumwa," akasema taratibu, "kuitafuta bustani ya Ashoka, alikofungwa Sita. Nikaambiwa iko mbali, nyuma ya kuta saba. Kumbe iko hapa. Imepandwa juzi."

Mtu mmoja akacheka mwishoni mwa ukumbi. Devadath akanyata mpaka ukingoni mwa jukwaa.

"Bustani nzuri. Haina jani la manjano, haina hata mvi moja. Lakini ni miti gani hii isiyo na mizizi? Feni ya darini inazunguka, na msitu mzima unataka kuhama."

Ni kweli. Feni ilikuwa ikizunguka, na nywele zilikuwa zikiinuka kwa mbele, zikitua, zikiinuka. Waliokaa kando walikuwa wameliona zamani wakajizuia. Sasa hawakujizuia tena. Na sote tunaojua kisa hiki tunajua Hanuman anaifanyaje bustani ile: anaing'oa mti kwa mti. Devadath akakunja mikono ya nguo. Akatema mate ya uongo kwenye viganja. Akanyoosha mkono.

Sethumadhavan akashika nywele zake kwa mikono miwili.

Kicheko kilichotoka hapo kilisikika mpaka jukwaa la pili, ambako walisimamisha shindano kuuliza kuna nini. Sethumadhavan alikuwa mwekundu mpaka shingoni. Akaanza kunyanyuka. Matako yaliachana na kiti. Mpiga ngoma, ambaye ni mtu wa desturi, akaondoa viganja kwenye ngoma, akaviweka magotini. Ukumbi ukanyamaza ghafla, kwa kuwa kila mtu alijua: mtu huyu akisimama, kilemba kinavuliwa.

Girija hakumvuta shati. Alisema baadaye kwamba alitaka, mkono ukakataa.

Mjomba na mtoto walitazamana, mmoja nusu amesimama, mwingine mkono hewani. Halafu Sethumadhavan akashuka polepole mpaka akakaa. Mikono akaiacha palepale kichwani.

Devadath akarudisha mkono wake. Sauti ilipotoka haikuwa ile ya kesi ya shamba.

"Sitaing'oa," akasema. "Nimechungulia chini ya miti. Kuna mtu amekaa humo peke yake, ana huzuni, hataki kuonekana. Na mimi bahari nzima niliiruka kwa ajili ya kumwona mtu huyo."

Akapiga magoti, kama Hanuman anavyopiga mbele ya Sita akimpa pete ya mumewe Rama, akatoa pete isiyoonekana, akaiweka ukingoni mwa jukwaa. Hapo mpiga ngoma akaanza, polepole sana, bila kuambiwa. Wanawake wa nyuma walikuwa wakijifuta macho, na baadhi yao walikuwa bado wanacheka, wakawa wanafanya yote mawili. Taa nyekundu ilikuwa imewaka zamani. Hakuna aliyeiona, isipokuwa waamuzi.

Matokeo yalitangazwa kabla ya chakula cha mchana. Devadath alipewa daraja la A, ambalo lilipewa karibu kila mtu, na alama zikapunguzwa kwa kupita muda. Wa kwanza alikuwa mvulana wa Thrissur aliyemtania mtu mwenye kitambi. Kitambi kilikuwa cha baba yake, kilikuja na teksi. Mwamuzi wa katikati aliongeza kwa kipaza sauti kwamba mshiriki mmoja alitoka nje ya maandiko kwa habari ya bustani, na hilo lisiwe mfano. Alisema hivyo akijifuta miwani.

Mwalimu Narayanan alimfuta mwanafunzi wake masizi, akamtoa jani la tambuu, akakunja kilemba. Kisha akasema, "Pale kwenye mizizi. Ungenyamaza kidogo kabla ya kusema feni."

Devadath akaitikia kwa kichwa.

Kwenye banda la chakula watu walitaka kupiga picha na Sethumadhavan. Alikataa wa kwanza, akakataa wa pili, wa tatu alikuwa ofisa fulani wa elimu, akakubali. Halafu akachukua jani lake la mgomba lenye wali na mchuzi, akaja kukaa mbele ya mpwa wake.

"Ile ya mwezi aliiandika nani?"

"Mwalimu."

"Alikuwa ananijua?"

Devadath akatikisa kichwa.

"Na hii ya bustani?"

Mtoto alikuwa akikanda wali kwa vidole, akitengeneza donge asilolila.

"Hii ni yako," Sethumadhavan akajijibu. Akala kidogo. Jasho lilikuwa likimshuka kutoka kwenye ukingo wa nywele mpaka nyusi, akalifuta kwa mgongo wa mkono. "Inaonekana sana?"

"Sana, Mjomba."

"Tangu lini?"

"Tangu mlangoni."

Sethumadhavan akatafuna, akafikiri. "Muuzaji aliniapia kwa miungu yote," akasema. Kisha akaanza kucheka, kwanza puani, halafu tumboni, akapaliwa na mchuzi, na Devadath akainuka akampiga mgongoni kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika. Girija aliyekuja na vikombe vya maziwa matamu alidhani wanapigana, akaanza kupiga kelele, akaambiwa akae ale.

Tulirudi pamoja kwa treni ya mchana. Behewa lilikuwa la moto kama jiko la mkate. Baada ya vituo viwili Sethumadhavan alizivua zile nywele, akazikung'uta, akazitundika kwenye ndoano ya dirishani zikauke. Mkaguzi wa tiketi alipopita alizitazama, akamtazama mwenyewe, akaandika chake, akaenda zake. Devadath aliegemea bega la mjomba wake akaanza kumsimulia, kwa sauti ya chini, bila kilemba, habari za yule mvulana aliyebaki juu ya bahari. Alisimulia mpaka Shoranur. Girija, kwenye kiti cha mbele yao, hakumkatiza hata mara moja, ingawa ilionekana wazi kwamba anaumia.